Maksai Waliokataa Kona

Jumatatu, 6 Agosti 1956
Maandazi tayari, birika mbili za chai. Mikokoteni ya pamba imepita tangu alfajiri kwenda kwenye mizani. Hakuna aliyesimama. Ambaye hajauza pamba hana nafasi ya chai. Zamani walirudi hapa hapa hotelini kwangu, wameshauza, wakakaa mpaka jua lipoe. Tangu msimamizi wa barabara asimike kile kibao cha mshale, barabara yetu ya Bariadi ni ya kwenda tu. Kurudi ni kwa njia ya nyuma, kwenye vumbi. Nimekula maandazi yangu mwenyewe. Nimechukia.

Alhamisi, 9 Agosti
Wateja wanne. Kaka ameleta maneno kutoka Bukundi: nifunge hoteli, nirudi nyumbani. Yaani nikakae jikoni kwa mke wake, niombe hata chumvi. Tangu nifiwe na mume sijamwomba mtu chumvi. Sitaki.

Jumamosi, 11 Agosti
Makubwa. Maksai wa mzee Masanja wamezoea, wakitoka kwenye mizani, kunywa maji kwenye hori langu hapa mbele. Leo wamefika kwenye kona mpya ya kuingia njia ya nyuma, wamekataa kupinda. Wamekuja moja kwa moja kinyume cha mshale, uso kwa uso na gari la msimamizi mwenyewe. Fimbo, miluzi, matusi. Wapi! Mzee akavua kofia.
"Bwana, mimi kibao nimekisoma. Hawa hawajasoma."
Watu walicheka. Msimamizi hakucheka. Kesi Jumanne, na mimi nimeitwa, ati hori ni langu. Naogopa.

Jumanne, 14 Agosti
Barazani. Bwana Shauri, afisa wa wilaya anayeamua kesi, aliuliza kama ni maksai wa Masanja peke yao. Kisha wenye mikokoteni wakasimama mmoja mmoja, na aibu zao. Kumbe kila siku wanashuka kwenye kona ile, wanavuta ng'ombe kwa kamba! Hakuna aliyetaka kusema ng'ombe wake wamemshinda.
Bwana Shauri akaenda kujionea. Mikokoteni mitatu ilifika, yote mitatu ikagoma. Kesi imefutwa. Kibao king'olewe, watu waende na kurudi kama zamani. Nililia mbele za watu. Basi.

Ijumaa, 17 Agosti
"Mwadila, mayu," mzee Masanja amenisalimu kwa Kisukuma, habari za mchana, mama. Maksai wamekunywa kwanza, yeye baadaye. Maandazi yameisha saa tisa. Ubao wa kibao nimeuomba, nafunikia mtungi. Kaka nimemwandikia barua fupi. Nimetuma na pakiti ya chumvi, ya mke wake.