Panya Madume na Vidonge vya Kaka Xavery

Mwanza, 9 Juni

Kaka Xavery, shikamoo.

Naamini barua hii itakukuta mzima hapo Murusagamba, na mgongo wa mama umepata nafuu. Mimi sijambo. Naandika kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima.

Uliniambia unataka kuacha vidonge. Hukusema sababu, nami sikuuliza. Ngoja nikueleze kazi yetu ya maabara.

Mwaka huu natunza panya madume. Kundi moja tuliwapa lithiamu, dawa hiyo hiyo yako, kwa wiki nyingi ndani ya chakula. Kundi la pili walikula chakula kitupu. Kisha wote tukawachoma sindano ya kuamsha dopamini, kemikali ya ubongo ambayo, pamoja na kazi nyingine, humpa dume hamu na nguvu. Wale wa chakula kitupu walisimamisha kama ilivyotarajiwa. Wa lithiamu, wengi walikaa tu wakijilamba miguu, ingawa walikuwa wanene na wenye afya. Mkuu wetu, Dokta Francisca, alisema panya si mtu, ila wapo wanaume wanaotumia dawa hii wenye shida kama hiyo, na huona haya kuisema hospitali.

Jumamosi nikapanda basi hadi Nyakahura, kwa wakwe zako. Nilimkuta shemeji Marsiana akimenya mihogo. Alisema amerudi kwao kwa sababu una mwanamke mwingine. Kwake, mume hawezi kumpa mkewe mgongo mwaka mzima kama hana pengine pa kwenda. Vidonge alijua ni vya vidonda vya tumbo, kwa kuwa ndivyo ulivyomwambia.

Kaka, nilimwambia ukweli, kwamba ni vya kutuliza akili. Nilimweleza ulivyogawa mbuzi wa baba kwa wapita njia, kisha ukalala miezi bila kuongea, kabla hujamwoa. Hukunituma, na ukikasirika una haki. Asije akadhani nakutetea tu, nikamwambia na langu, ambalo hata wewe hulijui: nami nameza dawa hiyo, mwaka wa tatu sasa, na yaliyokupata yalinipata. Nilimwambia daktari. Alipima damu, akapunguza dozi, na hali inarudi kidogo kidogo.

Marsiana aliendelea kumenya. Baadaye akauliza kama vidonge humezwa kabla ya kula au baada.

Anakuja Alhamisi. Usiviache, mwende pamoja kwa daktari.

Nisalimie mama na majirani.

Mdogo wako,
Marcel