Niliyoyaona Ndani ya Mstari

Ofisi ya Uvuvi,
S.L.P. 418.
Tarehe 9 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Mama anasema siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta. Mimi nitaamini nikikuona. Huku sote wazima, ila Baba ana kikohozi na dawa hataki. Unamjua shemeji yako.

Najua umesikia kwamba nimefungwa. Si jela, Mjomba. Nilifungiwa kwenye chumba cha meli, na nimetoka salama.

Nilipangwa kuwa mwangalizi kwenye meli moja ya kigeni ya uvuvi. Kazi yangu ni kuandika wanavua nini na wapi. Leseni yao inawataka wakae nje ya maili ishirini kutoka pwani. Ndani ya mstari huo ni pa wavuvi wetu wadogo. Siku ya saba, asubuhi kweupe, nikatazama kipimo changu cha GPS: tuko maili tisa! Wavu ulipovutwa ulileta samaki wachanga wa kujaza chumba, wakarudishwa majini wamekwisha kufa. Katikati yao mlikuwa na jarife, wavu wa wavuvi wadogo, lililochanika, maboya yake chupa za mafuta ya kula. La mtu wa kwetu hilo.

Nahodha akamtuma mkalimani. "Anasema uandike tulikuwa nje, maili ishirini na tano."

"Mwambie naandika pale tulipo."

Wakachukua redio yangu na daftari, wakanifungia mlango kwa nje.

Aliyenifungulia ni mpishi wa meli, mwenzetu, mtu mzima mwenye watoto sita. Akanipa simu yake: "Fanya haraka, binti yangu." Ikashika mtandao! Kule walikodai tupo, simu haishiki kitu. Nikawapigia askari wa doria, nikawasomea namba za mahali tulipo, ambazo nilikuwa nimeziandika kiganjani. Kabla ya saa sita mchana boti yao ilikuwa ubavuni mwetu.

Mahakamani wakili wao alinizungusha siku mbili nzima. Mwisho hakimu akamuuliza swali moja tu: simu ya mpishi ilipiga vipi kutoka maili ishirini na tano? Wakili akaanza kupanga karatasi zake upya. Leseni imefutwa, meli imezuiliwa. Mpishi alifukuzwa siku ileile, lakini wiki hii amepata jiko kwenye mgahawa wa bandarini, na anapika vizuri kuliko mimi na Mama tukichanganywa. Usimwambie.

Sasa shida yenyewe. Kampuni ile ina meli nyingine tatu kwenye maji yetu. Bosi wangu anataka kunihamishia ofisini nikagonge mihuri. Nimekataa. Jumatatu napanda meli ya pili, na safari hii nina redio mbili.

Mama hasemi nami. Anasugua sufuria ambazo ni safi. Wewe ndiye kaka yake, na ni wewe tu anayekusikiliza. Mpigie, tafadhali. Usimwombe aniruhusu, maana kwenda nitakwenda. Mwombe tu anirudishie begi langu alilolificha, na anisindikize mpaka getini.

Nisalimie mkeo, mapacha, na binamu yangu fundi saa. Mungu awalinde nyote huko ugenini.

Mpwa wako akupendaye bila kuchoka,
Kimbaumbau