Akina Mama wa Simu Moja

Dada Halima,

Miezi mitatu tangu tukuzike. Kliniki yetu ya Majengo imepata kompyuta mpya, na nimekabidhiwa kazi yako ya kuhamishia humo majedwali ya kumbukumbu za wagonjwa. Ile kompyuta yako bado iko mezani, haijapewa ruhusa ya kustaafu.

Nilitumia programu yako ya kunakili bila kugusa kitu. Jedwali la watoto likahama, la chanjo likahama. La akina mama likakwama na kunirushia ujumbe wa kosa, mara kumi hivi. Nikachoka. Nikaongeza mstari wa kuiambia programu iruke kosa lolote iendelee. Ungekuwepo ungenifukuza kwenye kiti. Ikamaliza kimya kimya, nami nikaenda kunywa chai.

Baada ya wiki mbili nesi Mwikali akauliza mbona katika ploti nzima ya vyumba vya kupanga nyuma ya soko ni mama mmoja tu aliyepigiwa simu alete mtoto kwa sindano ya surua. Nikamjibu bila kupepesa macho: "Ni hiyo programu ya Halima, sista. Iko na shida tangu kitambo." Akasema, "Maskini, alikuwa mgonjwa."

Jana niliufuta ule mstari, nikaiendesha programu tena, nikasoma kosa polepole, vile ulinifundisha. Nambari ya simu imejirudia. Sharti la kukataa marudio nililiweka mimi kwenye jedwali jipya: kila mama na nambari yake. Niliona ndio usafi. Nikakumbuka ulivyonicheka siku yangu ya kwanza: "Wewe wa mtaa wa Umoja, kwenu kila mtu ana simu yake; hapa tunapiga kwa Mama Saumu. Simu yake ndiyo haizimi. Ploti yote inaitwa kupitia yeye." Programu ilimchukua mama wa kwanza, ikawaruka wengine wote.

Leo asubuhi nimeliondoa sharti, wamehama wote. Mama Saumu amepita mlango kwa mlango. Watoto wamechelewa, lakini hakuna aliyeugua, namshukuru Mungu.

Kisha nikamwambia nesi kosa ni langu. Akanitazama. "Na mimi nishaambia kila mtu ni Halima."

Hapo ndipo nililia, Dada. Mazishini sikulia. Nilikusingizia kwa sababu huwezi kujibu, na ninaona haya.

Kesho wafanyakazi wote watakuwa kwenye kikao. Nitasimama niwaambie. Mola akupe utulivu huko uliko. Jina lako halitabeba tena kosa langu.

Mwanafunzi wako,
Kavata