Ndengu Thelathini za Idd

Jumanne, 23 Februari 1993
Ramadhani imeanza leo. Nursery yetu hapa Kyuso ina watoto kumi na tisa, saba ni wa zile familia za Waislamu nyuma ya soko. Krismasi tulihesabu siku kwa ndengu — mbona tusihesabu Idd? Basi, ndengu thelathini ndani ya kopo. Kila siku moja inatoka. Kiilu ameuliza kama tutazipika. Huyo mtoto na tumbo!

Jumatatu, 8 Machi
Tumetoa tatu, ya leo na za wikendi. Zimebaki kumi na sita. Mishi, mmoja wa wale saba, amezihesabu mara mbili bila kuruka.

Lakini sifuri imenishinda kabisa. Nimeweka mawe matatu kwa kopo lingine, nikayatoa yote. Imebaki nini? "Kopo!" Darasa zima! Nikaficha kopo. Sasa imebaki nini? "Meza!" Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Alhamisi, 18 Machi
Barua! Supavaisa, Bi. Syombua, anakuja Jumatano tarehe 24 kuona somo langu la hesabu. Akiridhika, naingia kwa orodha ya training. Inafungwa siku hiyo hiyo. Miaka sita nafundisha bila cheti, na mwaka jana walichukua msichana aliyenikuta hapa. Iliniuma sana.

Lakini ona — Jumatano ndengu ya mwisho inatoka. Kopo tupu, sifuri. Somo limejipanga lenyewe.

Jumatatu, 22 Machi
Nimemwambia Mama Mishi mpango wangu, akashika kiuno. Mwalimu, hizo thelathini ulipewa na nani? Mwezi ukiandama kesho jioni, Jumatano ni Idd. Holidei. Shule imefungwa.

Wuui! Mimi nilidhani Idd ina tarehe yake kama Krismasi.

Nimeomba Mungu alete mawingu. Halafu nikaona aibu. Watoto saba wanaomba mwezi.

Jumanne, 23 Machi
Asubuhi ilibaki ndengu moja. Sasa ni jioni, naandika nimekaa kwa jiwe, uwanja wa shule. Watoto na Mama Mishi wamenileta tungoje mwezi pamoja. Mawingu hakuna hata moja! Kiilu pia yuko. Ni wa kanisa letu, lakini ameahidiwa pilau.

Mishi amebeba kopo. Ameuliza, mwezi ukionekana atoe ya mwisho? Nikamwambia jaribu sasa hivi. Akaitoa, akachungulia ndani. Imebaki nini, Mishi? Nilijua atasema kopo.

"Hakuna ndengu, Mwalimu. Sifuri."

Kiilu naye akachungulia. Sifuri, akasema, na pilau ni saa ngapi?

Sifuri! Wote wawili! Na Bi. Syombua hayupo kusikia. Nimefurahi, na nataka kulia.

Mishi ameshika ile ndengu, ananiuliza aitupe au airudishe. Mama Mishi amesimama ghafla, ananyoosha kidole upande wa magharibi, anaita watu — na mimi bado naangalia kopo.