Orodha ya Walioinuka

Jumatatu, 5 Februari 1979
Nimefika kijijini kwa baiskeli, kufundisha utunzaji wa wazee. Landrova ya wilaya imekwenda vitani. Mlima wa mwisho baiskeli ndiyo iliyonipanda mimi.

Wanafunzi sita, wote madaktari wa zahanati. Malaria wanaijua, uzazi wanaujua. Mzee akija wanamwambia ni uzee tu, kapumzike. Leo nimewafundisha kipimo cha kigoda: mzee aketi, ainuke bila kushika kitu. Nikatangulia mimi. Goti likalia kama mlango wa ghala. Wamecheka sana, washenzi hawa.

Jumanne, 6 Februari
Nyumba kwa nyumba. Bibi Leokadia anaishi peke yake, mwanawe yuko mstari wa mbele. Aliinuka kama msichana. "Na wewe mwanangu, nikukatie mkongojo?"

Majina ameandika Sospeter, daktari wa zahanati ya hapa. Mwandiko safi, akili, watoto watatu. Nampendelea, nakiri. Nimewaambia wote: orodha hii haitoki zahanati.

Ijumaa, 9 Februari
Nilisahau miwani kwa Bibi Leokadia. Niliporudi kuichukua nikamkuta anatembea kwa kushika ukuta. Kumbe Jumanne alijikaza kwa sababu ya wageni. Mzee gani wa huku atakubali kushindwa na kigoda mbele ya wageni? Mimi, mwalimu mzima, sikuliwaza hilo. Wiki ijayo tunapima upya.

Jumatatu, 12 Februari
Hakuna kupima. Wazee wako shamba la kijiji, wanalima mihogo. Vijana wako vitani, mwenyekiti wa kijiji anataka mikono. Ameninyooshea karatasi: kila aliyeinuka kigodani amepangiwa zamu. Nimeomba awatoe. Amekataa, eti daktari ameshathibitisha.

Mwandiko wa Sospeter.

Jumanne, 13 Februari
Sospeter amekuja. "Shikamoo, mwalimu." Sikuitikia. Sijawahi kumnyima mtu marahaba.

Mwenyekiti amemwahidi barua ya kwenda kozi. Ndiyo bei ya orodha yetu. Kisha akasema, "Lakini kupima umetufundisha wewe, mwalimu."

Kweli. Hapo ndipo panaponiuma.

Jumatano, 14 Februari
Bibi Leokadia ameanguka kwenye matuta. Nyonga imevunjika, na gari la kumpeleka hospitali hakuna. Nilikimbia, mimi na kitambi changu. Sospeter alikuwa ameshawahi, ameufunga mguu barabara, kama nilivyomfundisha. Sikumsifu. Sikumtukana pia.

Jioni mwenyekiti amefuta zamu zote za wazee. Imetosha nyonga moja.

Alhamisi, 15 Februari
Wanafunzi watano darasani, Sospeter hayumo. Nimefuta ubaoni kipimo cha kigoda. Nimeandika: Kwanza muulize nani anamtekea maji.

Jumapili, 18 Februari
Mvua kidogo asubuhi. Nimekwenda kwa Bibi Leokadia baada ya misa. Jirani alikuwa amemchemshia uji. Kigoda kiko palepale karibu na kitanda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo siinuki."

Nikakaa mimi kwenye kigoda. Uji ukapoa, nikampashia tena.