Kihisi Nilichochagua Mimi

Dada mpendwa,

Mimi mzima, paa tumeliziba, na paka wenu kazaa watatu.

Kazini tumeletewa mita ya kupima mafuta ya mashine. Ndani ya bomba kuna gurudumu dogo lenye mapanga kama ya feni. Mafuta yakipita linazunguka, na kihisi kilicho juu yake kinahesabu mizunguko. Niliambiwa nichague kihisi. Cha sumaku hakihitaji umeme na kinavumilia joto, ila gurudumu likizunguka polepole hakilioni. Cha pili, cha umeme, huliona hata likijikokota. Mumeo, na ubishi wake unaujua, akasema, "Shemeji, chukua hicho cha pili." Nikamjibu mafuta yetu hayajui kwenda polepole. Tukacheka, nikachukua cha sumaku.

Jumanne tulizima pampu ili mumeo abadilishe kiungio cha bomba. Akaniuliza, "Yamesimama?" Nikatazama mita, sifuri. Nikamwambia, "Yamesimama, fungua."

Dada, yalikuwa yanapita. Polepole, lakini yanapita, tena ya moto.

Daktari anasema atapona, ila nikimuuliza kuhusu vidole anafungua faili lake upya. Nakaa kando ya kitanda namshikia kikombe anywe. Hanilaumu, heri angenitukana. Kihisi nimekifungua, kiko hapa mezani, sijui nikifanye nini.

Najua umezoea barua zake na mwandiko wake mzuri. Safari hii kaniomba nikuandikie mimi. Mkono ulioungua ndio wa kuandikia.

Mdogo wako