Mwavuli wa Safu ya Kwanza

KITUO CHA POLISI, CALA MIRLO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Leandro Barrientos Quiroga
Umri: miaka 83
Kazi: mwalimu mstaafu wa hisabati
Makazi: Burgos, kwa mwezi huu wa Agosti, nyumba ya kupanga, Mtaa wa Las Barcas, Cala Mirlo
Kuhusu: kujeruhiwa kwa Bi. Milagros Tejada ufukweni

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa hiari yangu, nikitembea kwa mkongojo, na ninasema yafuatayo nikiwa na akili timamu.

Familia yangu huja Cala Mirlo kila Agosti. Tuko mimi, binti yangu Begoña, mumewe Fermín Aldecoa, na watoto wao wawili. Hapa kila familia ina mzee wake wa alfajiri. Hutangulia ufukweni na viti na mwavuli, akashika nafasi safu ya kwanza, karibu na maji, kisha akarudi kunywa kahawa wengine wakiwa bado wamelala. Manispaa imekataza kuweka vitu kabla ya saa tatu asubuhi. Wote tunajua, na wote tunaweka.

Mwaka huu nimekuwa nikichelewa. Nina saratani ya kongosho. Daktari ameniambia nisipange mambo ya Krismasi. Nyumbani hawajui, sikutaka kuwaharibia bahari. Kwa hiyo kila siku tulikaa safu ya pili, nyuma ya Eusebio Larrán, mzee mwenzangu wa alfajiri, na wajukuu walipoingia majini mimi niliona mwavuli wake tu. Eusebio tumezoeana miaka mingi, na kuniona nyuma yake kulimfurahisha.

"Mwalimu, leo tena umekaa nyuma na watukutu wa darasa?" aliniuliza mbele ya watu. "Nikukodishe darubini?"

Mnamo tarehe 19 Agosti, yapata saa moja kasorobo asubuhi, nilifika ufukweni peke yangu. Mwavuli wa Eusebio ulikuwa umeshasimama, mwenyewe amerudi kwake. Nikaung'oa.

Hapa Sajenti Casquero ameacha kuandika. Ameniambia kwamba nikiendelea sitakuwa shahidi tena bali mtuhumiwa, na kwamba nina haki ya kunyamaza mpaka wakili afike kesho.

Nimemjibu, "Andika, mwanangu. Kesho ni neno la watu wenye afya."

"Mzee, mimi nakutakia mema."

"Basi andika upesi."

Naendelea. Niliuhamisha mwavuli ule kando, nikasimika wetu mahali pake. Kuung'oa niliweza. Kuuchimbia tena huo wa Eusebio sikuweza, nguvu ziliniishia. Mti wake uliingia mchangani kiasi cha kiganja tu. Nikaurundikia mchanga, nikaushindilia kwa mguu mpaka ukaonekana imara. Haukuwa imara. Redio ilikuwa imetangaza upepo wa mashariki kwa mchana huo, na mimi nilikuwa nimesikia. Nilijiambia kwamba Eusebio akija nitamwambia.

Alikuja saa nne na mkewe, Milagros.

"Nani kanihamisha?" alipiga kelele. Akamkazia macho Fermín. "Ni wewe! Maana huyu mzee wako hata taulo hawezi kulibeba."

Watu walicheka. Neno lile lilinichoma, nikafunga mdomo. Fermín hakukana. Alisema, "Bwana Eusebio, shusha sauti. Huo mwavuli wako iko siku utaruka mpaka Afrika, na wewe unaning'inia." Watu wakacheka zaidi. Hayo ndiyo maneno mnayoyaita vitisho. Ulikuwa mzaha wa kumaliza ugomvi.

Milagros ndiye aliyetupatanisha. Alikata tikitimaji, akaniletea kipande mwenyewe. "Kula, mwalimu, umekonda. Na huyu mume wangu usimjali, hata kanisani anagombea benchi."

Nilikula kipande kile karibu na mwavuli ule. Asubuhi yote nilikuwa na nafasi ya kusema, sikusema. Niliwatazama wajukuu wakiogelea. Niliwaona vizuri.

Baada ya saa saba upepo uligeuka. Nilisikia kitambaa cha mwavuli wa Eusebio kikipiga. Nilitaka kuinuka, miguu ikakataa. Nikapaza sauti, "Milagros!" Akageuka kunitazama. Mwavuli uling'oka ukaruka, na ncha ya mti wake ilimpata jicho la kushoto. Kama nisingemwita, ingempata begani. Hospitalini wanasema jicho hilo halitaona tena.

Jioni mlimchukua Fermín, mkiamini ndiye aliyeuhamisha. Ni dereva wa basi la shule, na mtu mwenye kesi ya kujeruhi hakuna atakayemkabidhi watoto tena. Ninasema wazi kwamba hakuugusa mwavuli ule. Niliuhamisha mimi, nilijua jinsi ulivyosimama, na nilinyamaza kwa kuona haya. Kukiri kungekuwa kuwaonyesha watu wote kwamba nimeishiwa nguvu. Eusebio alidhani mikono yangu haiwezi, nami nikajificha nyuma ya dhana yake.

Nimesema niliyoyatenda, na sina la kupunguza. Nimesomewa, nikarekebisha koma moja, nikatia sahihi kwa mkono wangu.

(Sahihi) L. Barrientos Quiroga

Maelezo ya afisa: Yamechukuliwa nami, Sajenti Nuria Casquero, leo tarehe 20 Agosti, asubuhi. Mtoa maelezo alielezwa haki zake, akachagua kuendelea bila wakili.

Bw. Fermín Aldecoa, alipojulishwa, amesema kwamba asubuhi ile alikuwa kwenye roshani ya nyumba yao, inayotazama ufukwe, akivuta sigara, na alimwona baba mkwe wake aking'oa mwavuli. Hakujua kwamba mti wake haukuzama vya kutosha mchangani. Nilimuuliza kwa nini alilala mahabusu bila kusema. Alijibu, "Nilimwona anauburuta, anapumzika, anauburuta tena. Ungekuwa wewe, sajenti, ungemtaja?"

Bw. Aldecoa ameachiwa saa sita mchana. Hajaondoka. Amekaa kwenye benchi la nje na viatu vya mzee chini kando yake, kwa kuwa miguu ya mzee imevimba na nimemruhusu avue, na anamsubiri, mzee akiwa bado ndani.